Gari la tabo linapokata mafuta: namna ya kujua chanzo kabla ya kununua au kusafirisha

Madereva wanaopeleka magari kutoka bandarini kwenda nchi jirani wanalijua tukio hili. Gari la tabo linakanyagwa ili kulipita lori, sindano ya geji inapanda, kisha nguvu inakatika ghafla kana kwamba mtu amezima swichi. Waliomo ndani wanarushwa mbele. Muda mfupi baadaye nguvu inarudi kwa kishindo, gari linaruka, halafu linakatika tena. Kama linalopitwa ni semi-trela na mbele kuna basi linakuja, muda huo mfupi unatosha kusababisha ajali.

Gereji ya kwanza husema ni pampu ya mafuta. Ya pili hubadilisha plagi. Dalali naye husema petroli ya kituo fulani ni mbaya. Mara nyingi hakuna kati ya hivyo kilichoharibika. Kompyuta ya gari ndiyo iliyozuia mafuta kwa makusudi, kwa sababu imeona hewa nyingi kuliko kiasi ilichoruhusiwa na kiwanda. Anayeuziwa pampu mpya katika hali hiyo amepoteza fedha, na tatizo litamsubiri barabarani.

Suala hili linahusu zaidi magari ya petroli kutoka Japani ambayo tayari yako barabarani katika eneo hili: Subaru Forester, Impreza na Legacy zenye injini ya EJ20, Toyota zenye 3S-GTE na 1JZ-GTE, na Mitsubishi zenye 4G63. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Kwa hiyo mengi ya magari haya sasa yanauzwa kutoka mkono hadi mkono na hata kuvushwa mpaka yakiwa yametumika hapa hapa. Kila mmiliki ameongeza chake, na karatasi za gari hazionyeshi.

Kwa nini kompyuta inakata

Tabo husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu ya moshi unaotoka. Shinikizo hilo ndilo gereji nyingi huliita busti. Hewa ikizidi lazima petroli nayo izidi. Injini ya petroli inapokwenda polepole hutumia takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Ikibanwa na tabo inahitaji petroli zaidi, karibu kilo 1 kwa kila kilo 11 hadi 12 za hewa, kwa sababu petroli ya ziada hupoza chumba cha kuchomea.

Nozeli na pampu zina kikomo. Zikifika mwisho, hewa inaendelea kuongezeka lakini mafuta hayaongezeki. Mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, petroli inawaka kabla ya wakati wake na injini inagonga. Kwenye busti kubwa pistoni inaweza kupasuka kati ya mifereji ya ringi au kuyeyuka pembeni kwa muda mfupi sana.

Watengenezaji walilijua hilo. Ndiyo maana waliipa kompyuta amri moja rahisi: hewa ikivuka kiwango fulani, nozeli zifungwe zote. Bila petroli hakuna moto, na bila moto hakuna madhara. Kishindo anachokisikia dereva ni cha kutisha lakini kimewekwa kuokoa injini.

Kila kampuni hupima kwa njia yake. Toyota ya 3S-GTE ya kizazi cha pili, kama ile ya MR2 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina sensa ya shinikizo na hukata kwenye pauni 12 hivi. Ya kizazi cha tatu iliinuliwa hadi karibu pauni 18. Mitsubishi ya 4G63 hukadiria mzigo kutokana na hewa inayopita kwenye sensa yake, na hukata mzigo ukizidi kwa muda uliowekwa. Subaru za EJ20 zina kikomo cha shinikizo ndani ya programu ya kompyuta, na baadhi ya programu hizo hukibadilisha kufuatana na shinikizo la hewa ya nje. Tofauti hii ina maana kubwa kwa anayetafuta chanzo. Gari linalopima shinikizo litakata karibu kwenye namba ile ile ya geji kila mara, na linalopima wingi wa hewa linaweza kukata asubuhi yenye baridi na kunyamaza mchana wa jua kali, maana hewa baridi ni nzito.

Nairobi halikati, Mombasa linakata

Hapa ndipo biashara ya kuvuka mipaka inapoingia, na ndipo watu wengi wanapopotea.

Geji iliyofungwa kwenye dashibodi huanza kuhesabu kutoka hewa ya mahali gari lilipo. Injini ikiwa imezimwa husoma sifuri, iwe Kilindini au Eldoret. Sensa ya kompyuta kwa kawaida huhesabu shinikizo zima, pamoja na lile la hewa ya nje. Vitu hivi viwili havisemi lugha moja.

Kwenye usawa wa bahari, yaani Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, hewa ya nje ina shinikizo la takriban baa 1.01. Kampala, yenye mwinuko wa karibu mita 1,200, ni kama baa 0.88. Kigali ni takriban 0.84. Nairobi na Mbeya, karibu mita 1,700, ni kama 0.83. Eldoret inakaribia 0.79, na juu ya Timboroa ni chini zaidi ya hapo.

Tuchukue mfano wa gari ambalo kompyuta yake hukata shinikizo zima likifika baa 2.1. Fundi wa Nairobi anafunga vali ya kuongeza busti na kuiweka kwenye baa 1.2 za geji. Ukijumlisha na 0.83 za hewa ya nje unapata 2.03. Gari linakwenda vizuri, mwenye gari anafurahi, analipa. Gari lile lile linashuka Mombasa likizo ya Desemba, au linauzwa kwa mteja wa Dar es Salaam kupitia Namanga. Geji bado inaonyesha 1.2, lakini sasa jumla ni 2.21. Kompyuta inakata. Mteja anampigia simu muuzaji akisema ameuziwa gari bovu, na muuzaji anaapa kwamba lilikuwa zima. Wote wawili wanasema kweli.

Hesabu hii ni ya mwongozo tu, hasa kwa kompyuta zinazobadilisha kikomo kufuatana na mwinuko. Lakini inaeleza ugomvi mwingi kati ya wauzaji wa nyanda za juu na wanunuzi wa pwani.

Kinyume chake pia hutokea. Gari linashushwa melini likiwa limeongezwa busti na mmiliki wa Japani. Linakata likiwa bado karibu na bandari, dereva anaripoti, kisha likipanda bara tatizo linapotea. Mnunuzi wa Nairobi au Kigali analijaribu, halionyeshi kasoro, analipa bei kamili. Kasoro haijaondoka. Imefichwa na mwinuko.

Ipo sababu ya kiuchumi kwa nini mafundi wa bara hupenda kuongeza busti. Westigeti ya kawaida hushikiliwa na springi inayosaidiwa na hewa ya nje. Juu milimani hewa hiyo ni nyepesi, hivyo kwa busti ile ile ya geji injini hupata hewa pungufu, na mwenye gari huhisi amepunjwa nguvu. Kufunga vali ya kuongezea ni njia ya bei nafuu ya kurudisha kilichopotea. Gharama yake huonekana gari likishuka chini.

Kutofautisha na magonjwa mengine

Dalili nyingi zinafanana, lakini dereva makini anaweza kuzitenga kabla ya kufungua boneti.

Kukata mafuta kwa kompyuta ni kwa ghafla na ni kamili. Hakuna kuchechemea kwanza. Hutokea busti ikiwa juu, na mara nyingi kwenye namba ile ile. Dereva akikanyaga nusu ili geji isifike hapo, gari linakwenda bila tatizo hadi mizunguko ya juu kabisa.

Moto dhaifu wa plagi au koili huja kwa mtindo mwingine. Gari linakohoa, linapiga vishindo vidogo vidogo vya haraka, na huendelea hivyo kwa muda wote wa mzigo badala ya kukatika na kurudi. Busti kubwa huzima cheche kwa urahisi zaidi, kwa hiyo tatizo hili nalo huonekana baada ya kuongeza busti, na hapo ndipo linapochanganywa na kukata mafuta. Plagi mpya zenye mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8 mara nyingi humaliza ubishi.

Pampu iliyochoka au chujio lililoziba huleta unyonge unaoongezeka taratibu. Gari linavuta, halafu linaishiwa polepole kadiri mizunguko inavyopanda. Huwa baya zaidi kwenye mlima mrefu na tangi likiwa karibu tupu. Hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu mchanganyiko unakauka bila kompyuta kukata chochote.

Injini inayogonga kwa petroli hafifu hupoteza nguvu kwa sababu kompyuta huchelewesha cheche. Dereva huhisi gari limekuwa zito, bila kishindo. Magari mengi ya tabo ya Japani yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu la huko, ambayo kwa viwango vya Japani lazima iwe na okteni isiyopungua 96. Ile ya kawaida ya Japani inaanzia 89. Aliyeongeza busti huku akijaza petroli ya kawaida ya pampuni amejiongezea hatari mara mbili.

Kikomo cha mizunguko hutambulika kwa geji ya mizunguko peke yake. Likikatika kila mara kwenye mizunguko ile ile, hata busti ikiwa ndogo, si suala la tabo.

Magari mapya zaidi yenye throto ya umeme, kama Forester na Levorg za injini ya FA20, yana njia ya upole zaidi. Kompyuta inaweza kufunga throto kidogo kabla ya kufikia hatua ya kukata mafuta. Dereva huhisi pedali haifanyi kazi. Anayezoea magari ya zamani anaweza kudhani ni gia.

Anza na mipira

Kabla ya kuzungumzia kompyuta, fundi aulizwe swali moja: je, busti imeongezwa kwa makusudi au imeongezeka yenyewe? Gari ambalo halijaguswa halipaswi kukata mafuta mahali popote, iwe pwani au mlimani. Likikata, kuna kitu kimevunjika.

Kitu hicho mara nyingi ni mpira mwembamba wa bei ya chini kabisa. Westigeti hufunguliwa na kikopo chenye springi, na kikopo hicho hupata shinikizo kupitia mpira. Mpira ukichomoka, ukipasuka au ukiziba, kikopo hakipati taarifa. Westigeti inabaki imefungwa, tabo inazunguka bila breki, busti inapaa na kompyuta inakata. Kwenye magari yaliyokaa miaka 15 na zaidi chini ya boneti yenye joto, mipira hii hukauka na kupasuka kama ngozi ya zamani.

Kwenye Subaru kuna mtego wa ziada. Ndani ya mmoja wa mipira ya solenoidi mna kipande kidogo chenye tundu jembamba la kupunguza hewa. Fundi akibadilisha mpira na kutupa cha zamani pamoja na kipande hicho, busti hushuka na gari linakuwa zito. Kisha fundi mwingine anaongeza busti kwa vali ya mkono ili kulirudisha, na hapo ndipo safari ya kukata mafuta inapoanza. Matatizo mengi ya magari haya yana historia ya namna hiyo, kosa dogo juu ya kosa dogo.

Chanzo cha pili ni ekzosi. Kataliti, ambayo baadhi ya mafundi huiita masega, ina madini yenye thamani na ina soko lake. Magari mengi hupoteza kataliti, ama kwa wizi ama kwa mwenyewe kuiuza, na kuwekewa bomba tupu. Bomba tupu hupitisha moshi kwa urahisi, tabo inazunguka haraka zaidi, na tundu dogo la westigeti ya kiwandani linashindwa kupitisha moshi wa ziada. Busti inapanda polepole kadiri mizunguko inavyoongezeka, bila mtu kugusa vali yoyote. Dalili yake ni kwamba gari linakata kwenye mizunguko ya juu tu, na kwenye gia kubwa kuliko ndogo. Aliyeuza kataliti kwa fedha za haraka huenda hajui kwamba ameuza pia kinga ya injini yake.

Jaribio la kutenganisha mambo ni rahisi. Vali yoyote iliyoongezwa iondolewe, na kikopo cha westigeti kiunganishwe moja kwa moja na mdomo wa tabo kwa mpira mzima. Busti sasa inapaswa kuwa ya chini kabisa, ile ya springi peke yake. Kama gari haliendelei kukata, tatizo liko kwenye udhibiti wa busti. Kama busti bado inapaa, westigeti yenyewe imekwama au ekzosi imezidi. Na kama busti ni ndogo lakini gari bado linakatika, hilo si tatizo la tabo: turudi kwenye plagi, koili na pampu.

Geji inayotumika iwe imeunganishwa baada ya throto. Na namba zake zisomwe kwa uangalifu. Geji za Japani nyingi zimeandikwa kwa kilo kwa sentimita ya mraba, nyingine kwa kilopaskali, na za Kimarekani kwa pauni. Kilo 1 ni kama baa 0.98, na baa 1 ni pauni 14.5. Fundi anayesema ameweka "moja nukta mbili" aulizwe ni moja nukta mbili ya nini.

Kuisoma kompyuta

Taa ya injini haiwaki kila mara mafuta yanapokatwa. Hata hivyo, inafaa kusoma kodi. P0234 ndiyo kodi ya kawaida ya busti kupita kiasi. P0244 hadi P0246 zinahusu solenoidi ya westigeti. P0171 inaonyesha mchanganyiko mkavu, na ikionekana hapo pampu na uvujaji wa hewa viangaliwe kwanza. Kwenye Toyota za zamani zisizo na soketi ya kisasa, pini za TE1 na E1 huunganishwa na taa ya injini huhesabiwa inavyomeka. Kodi 34 ni ya shinikizo la tabo lisilo la kawaida.

Kipo kipimo kimoja kisichohitaji hata kuwasha injini. Swichi ifunguliwe bila kupiga stata, kisha mashine isome shinikizo la hewa ndani ya injini. Mombasa au Dar es Salaam isome karibu kilopaskali 101, Kampala karibu 88, Nairobi karibu 83. Ikisoma tofauti kwa kiasi kikubwa, sensa inadanganya, na kikomo chochote kinachotegemea sensa hiyo nacho si cha kuaminika. Kipimo hiki kinachukua dakika moja, na kinaweza kufanyika uani kwa muuzaji bila kumwomba ruhusa ya kuendesha.

Vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyounganishwa na simu vinafaa kwa kazi hiyo, lakini haviwezi kazi ya kukamata tukio lenyewe. Husoma mara chache kwa sekunde, na mafuta yanaweza kukatwa na kurudishwa katikati ya usomaji mmoja na mwingine. Kwa Subaru, kebo kama Tactrix Openport pamoja na programu ya bure ya RomRaider huandika haraka zaidi. Rekodi ikipatikana, jibu huonekana lenyewe. Kama kompyuta ndiyo iliyokata, muda wa nozeli kufunguka unashuka hadi sifuri busti ikiwa kileleni. Kama ni cheche iliyozimika, nozeli zinaendelea kumwaga kama kawaida. Katika hali zote mbili sensa ya moshi itasema mchanganyiko ni mkavu, maana hewa isiyochomwa inapita, kwa hiyo sensa hiyo isiachiwe kuamua peke yake.

Majaribio ya namna hii yafanywe mahali pasipo na magari, watu wawili ndani, mmoja akiendesha na mwingine akisoma. Kazi ya dereva ni kuachia pedali mara tu gari linapokata. Kulikanyaga ili "lipite" ukomo huo hakusaidii, na huumiza injini.

Kifaa cha kuinyamazisha kompyuta

Njia ya mkato ipo, na imekuwepo kwa miaka mingi. Kampuni ya HKS ya Japani ilitengeneza kifaa kilichoitwa Fuel Cut Defencer, maarufu kama FCD, ambacho huzuia volteji ya sensa isivuke kiwango fulani. Kompyuta haijui tena kwamba busti imepita, hivyo haikati. Mitaani kuna njia za bei nafuu zaidi: vali ya kupitisha hewa upande mmoja kwenye mpira wa sensa, tundu la kupunguzia shinikizo, au kipande cha kielektroniki kilichounganishwa kwenye waya.

Kwa mtu anayejua nozeli na pampu zake zina uwezo, na amepima mchanganyiko, kifaa hicho kilikuwa na matumizi. Kwa mwingine yeyote ni sawa na kuchomoa kengele ya moto kwa sababu inapiga kelele. Kompyuta iliyodanganywa humwaga petroli ya busti ndogo huku injini ikipokea hewa ya busti kubwa. Gari litakwenda vizuri sana, pengine kwa wiki kadhaa, hadi siku litakapopanda mlima mrefu likiwa na mzigo.

Marekebisho ya kweli ni kuandika upya programu ya kompyuta: mafuta, cheche na kikomo pamoja, kwa kipimo sahihi cha moshi, na kwa petroli itakayotumika kweli. Nozeli na pampu kubwa zikihitajika zifungwe kwanza. Kikomo cha kukata hakifutwi, husogezwa juu kidogo ya busti mpya ili kiendelee kulinda mpira ukichomoka. Na gari litakaloishi pwani lipimwe pwani.

Mnunuzi anaweza kutafuta dalili za mkato huo. Viungo vya plastiki vyenye matawi matatu kwenye mpira wa sensa, vali ya chuma yenye kifundo cha kuzungusha karibu na tabo, waya zilizokatwa na kuungwa kwa selotepu karibu na kompyuta. Kwenye Impreza nyingi kompyuta hiyo iko chini ya zulia la abiria wa mbele, kwa hiyo zulia lililofunuliwa mara nyingi lina maana. Gari lenye vitu hivyo halimaanishi lisinunuliwe. Maana yake ni kwamba bei ianze kujadiliwa upya, pamoja na gharama ya kurudisha vitu vya kiwandani au kufanya kazi ile vizuri. Anayeponunua gari lenye kukata mafuta waziwazi pengine yuko salama kuliko anayenunua lililonyamazishwa, kwa sababu injini ya kwanza bado inalindwa.

Kwa anayesafirisha

Dereva wa gari la transiti, yale yanayojulikana Tanzania kama ya IT, anakabidhiwa gari asilolijua na kuambiwa alifikishe Tunduma, Rusumo au Mutukula. Likiharibika njiani, swali la kwanza ni nani alipe. Hati ya makabidhiano kwa kawaida hutaja mikwaruzo, redio na tairi la akiba. Kwa gari la tabo inafaa itaje pia kama lina vali ya kuongeza busti, geji ya ziada au ekzosi iliyobadilishwa, na kama lilikata mafuta wakati wa kulitoa bandarini. Mstari mmoja huo unaweza kuokoa ubishi wa bei ya injini nzima.

Dereva akikutana na hali hiyo akiwa safarini, ajue kwamba gari bado linaweza kufika. Aendeshe kwa pedali ya nusu, geji isifike kwenye namba inayokata, na asijaribu kupita magari kwa kutegemea tabo. Akifungua boneti kwenye kituo cha kwanza, aangalie mipira ya westigeti. Mara nyingi atakuta mmoja umening'inia.

Suala la bima nalo lisisahaulike. Mwenye gari ana wajibu wa kueleza mabadiliko makubwa aliyofanya. Akiyaficha na ajali ikatokea, kampuni ina hoja ya kukataa madai.

Injini za dizeli

Wenye Hilux, Prado na malori huuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu kwa sehemu. Dizeli haiumizwi na hewa ya ziada kama petroli inavyoumizwa, kwa sababu hewa ikizidi bila mafuta kuongezeka joto hushuka. Hatari ya busti kubwa huko ni kwa tabo yenyewe, gasketi ya kichwa na mabomba ya intakula. Kompyuta ya dizeli ya kisasa ikiona busti imepita kawaida, hupunguza nguvu na kuliacha gari liende kinyonge hadi lizimwe na kuwashwa tena. Kodi ni ile ile P0234. Kwenye injini kama 1KD-FTV, ambayo tabo yake ina mapezi yanayojigeuza, sababu inayofaa kuangaliwa mapema ni masizi yaliyoganda kwenye mapezi hayo. Gari linalotembea mjini tu, kwa mizunguko midogo, hukusanya masizi mengi kuliko linalokwenda safari ndefu, na mara nyingi tatizo hujitokeza siku ya kwanza linapopakiwa mzigo kupanda mlima.